Barua Isiyopitia kwa Wifi

2 Februari

Mume wangu,

Salamu ni debe zima, na zitakazomwagika njiani waokote wenzako wa kambini. Huku tupo wazima. Mashine ya kufuma imepata sindano mpya, haikati tena nyuzi, na masweta ya shule yanakwenda vizuri. Ya kijani tumeyamaliza, sasa tumeanza ya buluu. Paa la jikoni limezibwa. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nyuzi, na hatuna ubavu wa kumhamisha.

Kuhusu lile la mkataba mpya, uamuzi ni wako. Wewe ndiye uliye kazini, wewe ndiye unayejua. Huku hakuna shida yoyote. Ukiona inafaa, endelea.

Yatunze macho yako na cheche.

Ni mimi mkeo,
kwa mkono wa wifi

Kaka, na mimi mwandishi nakusalimu. Mkeo akiniandikisha barua husema sentensi moja halafu ananyamaza kama hakimu. Nimemwuliza mara mbili, "Hakuna lingine, wifi?" Akasema hakuna. Basi ndiyo hiyo.
Mdogo wako

*

5 Februari

Mke wangu, na wewe mdogo wangu unayemsomea,

Barua imefika. Nafurahi kwamba paa limezibwa. Paka mwacheni, mzazi hafukuzwi.

Huku tumefika nguzo ya katikati ya daraja. Nachomelea nikiwa nimefungwa kamba kiunoni kama mbuzi, mto uko chini kabisa, na nimeshazoea. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Msimamizi anataka jibu kabla ya hapo: nisaini miaka miwili mingine, mpaka magari yaanze kupita, ama nifunge mizigo. Bonde hili mnalijua. Simu haishiki, mtandao upo kwenye baraza la ofisi tu, tena ni wa maandishi matupu, sauti haipiti wala picha haipiti. Lori la kupanda mjini, ambako ningeweza kupiga, linaondoka mwezi ujao, na wakati huo mambo yatakuwa yameshaamuliwa. Hata ningepiga, mnajua zile simu zetu. Nyuma yangu foleni ya mafundi, huko kwenu wateja wa masweta, tunaulizana hali kisha salio linakwisha.

Basi kwa kuwa umesema hakuna shida, nitasaini.

Nilidhani labda ungesema neno. Lakini basi. (Mdogo wangu, hiyo sentensi usimsomee.)

Mumeo na kaka yako

*

9 Februari

mume wsngu ni mimi. naandika mwemyewe. wifi yuko sokoni hajui. nimesikia ile sentensi. usisaini kwanza

mkrp

*

10 Februari

Mdogo wangu,

Upo utani na upo utani. Nimepokea barua kutoka ile simu ya redio ya mke wangu, imeandikwa kama kuku amepita juu ya simu, eti ni mke wangu. Wewe ni mcheshi tangu utotoni, lakini hapa umevuka mpaka. Unajifanya yeye, halafu unaharibu herufi makusudi ili nidhani ni mtu asiyeona?

Mke wangu haandiki. Tangu nimuoe hajaniandikia hata mstari mmoja usiopita mkononi mwako. Kile kibao chake cha nukta alichotoka nacho shule, nukta zake mimi sizisomi na wewe huzisomi. Simu nayo ni kioo kitupu. Mimi mwenye macho mawili nabonyeza hii inatoka ile, sembuse yeye?

Kama wewe ndiye hutaki nisaini, sema kwa mdomo wako. Usimsemee. Na tafadhali barua hii usimsomee, itamwumiza.

Kaka yako

*

15 Februari

Mume wangu,

Wifi amenisomea. Katika nyumba hii ukitaka jambo lisomwe kwa sauti kubwa, andika "usisome".

Nimekasirika tangu siku ile mpaka leo, na barua hii nimeianza juzi, kwa hiyo hasira imeshapoa mara mbili na mimi nimeipasha moto mara mbili. Uthibitisho huu hapa. Siku mlipoleta posa ulinikuta nyuma ya nyumba ukaniuliza kama nitaivumilia harufu ya chuma. Nikakujibu kwamba harufu ya chuma ni afadhali kuliko ile ya mafuta ya nywele ya yule mwingine. Wifi hajui mpaka leo kwamba kulikuwa na mwingine. Umeamini?

Sasa nisikilize, maana nina jambo la kustaajabisha na sina wa kumwambia.

Mteja mmoja alikuja kuchukua sweta la mtoto. Aliposema "habari za hapa" tu nikamjua. Ni Kasuku, yule niliyelala naye kitanda cha juu na cha chini shuleni kwetu, ambaye mwalimu alikuwa akimtoa nje kwa kusema sana. Hata yeye haoni, kama sisi wote wa shule ile. Sasa ameajiriwa hospitali, ndiye anayepokea simu zote na kukuunganisha na daktari, kwa hiyo sasa analipwa kwa kosa lake. Akanisikia namwita wifi aje anisomee ujumbe wa mteja, na wifi yuko uani hasikii. Akacheka mpaka akashika meza. "Mwenzangu, simu unayo, vidole unavyo. Unangoja nini, barua kutoka serikalini?"

Simu ni ile uliyoniletea likizo nisikilizie redio. Unajua kioo chake kilivyo, laini kama sahani iliyooshwa. Kasuku akaingia ndani ya simu huko, akabonyeza anavyojua, akawasha sauti. Akanishika kidole, akakiweka juu ya kioo, akakivuta polepole. Simu ikasema: a. Akakisogeza. Ikasema: s. Akakisogeza tena. Ikasema: d.

Mume wangu, nilikitoa kidole kama nimeungua. Herufi zilikuwa pale! Siku zote hizo! Nimezilalia chini ya mto, nimezibeba mfukoni mwa aproni, nimesikiliza taarifa ya habari juu yake, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zipo zinanisubiri. Nililia. Kasuku naye akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Njia ni hii. Unapapasa kioo, kila herufi inajitaja jina sikioni mwako, na ukiisikia unayoitaka unainua kidole, inaandikika. Ukiinua upesi umeandika jirani yake. Ndiyo maana ukawa mume wsngu. Nilikuwa na haraka, wifi alikuwa amekwenda kununua nyanya tu.

Kasuku aliniambia pia ipo njia ya kusema kwa mdomo na simu ikaandika yenyewe. Hiyo nimeikataa. Kusema kwa sauti nimesema miaka yote, kwa wifi. Ninalotaka kukuambia sitaki lipite hewani.

Lakini halisemeki kwa kidole kimoja. Nikifika mwisho wa sentensi nimesahau kwa nini niliianza. Kasuku anasema kuna njia nyingine, ya watu wa shule yetu, na kwamba nikiijua nitajiona mjinga kwa kuchelewa. Nipe siku chache. Na usisaini.

Mkeo (tazama, safari hii nimepatia)

*

17 Februari

Mke wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama. Nilipofika kwenye mafuta ya nywele nikakaa chini. Nisamehe. Sikuwa na shaka na wewe, nilikuwa na shaka na dunia, kwamba inaweza kufanya kitu kama hiki bila kuniambia.

Nikataka kujua unafanyaje. Saa ya chakula nimemwomba karani wa ofisi simu yake, maana yangu sithubutu kuichezea, tukaiwasha ile sauti. Halafu nikavaa barakoa yangu ya kuchomelea. Ukiivaa ile bila moto wa kuchomelea mbele yako huoni kitu, ni giza la ndani ya sufuria. Nikasema nitaandika neno moja tu, "daraja".

Sikiliza mwenyewe kilichotokea. Nimegusa, simu ikataja saa. Nimegusa tena, ikanisomea hali ya betri. Nikapapasa kulia nikaangukia kwenye namba, nikapapasa chini nikafungua picha za harusi ya dada yake karani. Wenzangu wamezunguka wanacheka. Mimi jasho linanitoka ndani ya barakoa. Mpaka kengele inalia nilikuwa nimeandika "fara". Na sasa hakuna anayejua kuizima ile sauti, ukiigusa simu kama kawaida haikutii, na karani mchana kutwa anatembea nayo inamtangazia kila ujumbe anaotumiwa. Hanisemeshi.

Mke wangu, kama neno moja linanishinda mimi, na wewe umeniandikia kurasa nzima, tena zenye matusi ya adabu, basi sijui nimeoa nani. Nakuogopa kidogo, kwa namna nzuri.

Sasa hilo jambo. Msimamizi ameniuliza tena leo. Nimemwambia anivumilie. Sema hata kwa neno moja. Ukisema baki, nitabaki na moyo mweupe. Ila kimya chako sikiwezi, kimya kingi kina mshindo, na mimi huku bondeni nausikia mshindo tu.

Kuna mambo mimi pia nimeyameza miaka yote. Utaandikaje "nimekuota" wakati unajua atakayeisoma kwa sauti ni mdogo wako, ameshika mwiko?

Mumeo

*

21 Februari

Kaka,

Huu ni mkono wangu na maneno yangu, sijatumwa na mtu. Keti.

Jana alikuja mwalimu mkuu wa ile shule ya masweta ya buluu. Mimi namhesabia vipimo, mkeo yuko pembeni na waya wake masikioni, anajisikilizia barua aliyokuwa anakuandikia. Paka akapita, akaukanyaga waya, ukachomoka. Basi simu ikaanza kusema mbele ya wote. Na kwa kuwa mwenyewe bado mwanafunzi, ameiwekea sauti ya polepole, kama mtu anayesoma wosia. Ikasema: "Nimechoka kuwa na dada yako kati ya mdomo wangu na sikio lako. Nikitaka kukuambia nimekukumbuka lazima nimwambie yeye kwanza, na akishaandika linakuwa kama salamu za ukoo."

Mwalimu mkuu alisema atarudi siku nyingine. Aliisahau miwani yake.

Mkeo alitafuta ile simu aizime, na kadiri alivyoigusa ndivyo ilivyorudia. Mimi nilikwenda jikoni. Nilinuna, kaka, sikufichi. Nilinuna mpaka jioni. Nimekuwa macho ya nyumba hii na mdomo wake, na siku moja nasikia kwamba mdomo wenyewe umechokwa.

Halafu nikiwa naosha vyombo nikajikuta nacheka peke yangu. Maana na mimi nimechoka! Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini hakuna anayeiuliza kata kama imechoka kuzamishwa. Mnajua nilivyokuwa naona haya kuwasomea? Wewe ukiandika "mpenzi" mimi nakohoa. Chuo cha ukunga kimenikubali tangu mwaka jana, nikakiomba kinisubiri muhula. Sikuwaambia. Ningewaambiaje, wakati msomaji ni mimi na mwandishi ni mimi? Na nani angewasomea ningeondoka?

Nikarudi ndani nikamwambia yote. Tulikumbatiana mpaka paka akatukimbia.

Sasa ndio nifike kwenye kilichonifanya nikuandikie. Akaniambia, "Wifi, kaa mbele yangu uone." Akaishika simu kinyume. Sikiliza vizuri: kinyume. Kioo kinanitazama mimi, mgongo wa simu unamtazama yeye, kama mtu anayekuonyesha picha. Vidole gumba vimeibana pembeni, na vidole vitatu vya kila mkono vimezunguka mbele, vimelala juu ya kioo. Na kioo cheusi ti. Nikamwambia, "Wifi, simu yako imezimika." Akasema, "Haijazimika. Nimeishushia pazia. Mwanga ni wa kazi gani kwangu?"

Akaniambia nimsomee chochote, upesi niwezavyo. Cha karibu kilikuwa karatasi ya pakiti ya nyuzi, maelekezo ya kufua. Nikasoma kama mtu anayekimbia mvua: usichemshe, usikamue, usianike juani. Vile vidole, kaka! Vinashuka viwili, vinashuka vinne, kimoja, vitatu, havina sauti, havitafuti kitu, havipapasi. Uso wake umetulia kama anasikiliza muziki mahali pengine. Nilipomaliza, naye amemaliza. Akalipandisha pazia akanigeuzia. Kila neno lipo. Usichemshe, usikamue, usianike juani, na nukta mwishoni.

Mimi ninaona, nina vidole gumba viwili na nimemaliza shule, na siwezi kuandika hata nusu ya kasi ile. Nimeishi na mtu huyu nyumba moja, nikimmenyea machungwa.

Barua itakayofuata mimi sitaiona. Isome mahali penye utulivu.

Mdogo wako,
kata iliyostaafu

*

23 Februari

Mume wangu,

Wifi amekueleza, najua, amenisomea barua yake kabla ya kuituma, mara hii kwa kuomba ruhusa. Sasa nikueleze mimi kwa upande wa ndani.

Unakikumbuka kibao changu. Unabana karatasi, unatoboa nukta moja moja kwa msumari, kutoka kulia kwenda kushoto, halafu unageuza karatasi unasoma kwa kidole. Nukta hazizidi sita kwa kila herufi. Nilizijua nikiwa mtoto, nikaandika insha, nikaandika mashairi mabaya, nikashika nafasi ya pili darasani. Siku nilipotoka shule nilirudi nyumbani na mabunda ya karatasi zilizotobolewa, na mama akaniuliza kwa upole kama azifungie maandazi. Hakuwa na ubaya. Kwake zilikuwa karatasi zenye matundu. Tangu siku ile mimi ni msomi wa maandishi ambayo hayana msomaji. Nikaacha. Msumari ukapotea.

Kasuku alipoigeuza simu mikononi mwangu akasema, "Nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu, vidole vya kushoto. Ya nne, ya tano, ya sita, vya kulia. Sasa nipigie a." Nikashusha kidole cha shahada cha kushoto, kimoja tu, kama zamani. Sikio langu likasikia: a. Nikapiga b, vidole viwili. Nikapiga jina langu. Nikateleza kidole kuachanisha maneno, nikapiga jina lako. Vidole havikuniuliza chochote. Vilikuwa vinajua vyote, miaka yote vikisubiri pa kushukia, vinafuma masweta tu.

Sijui niseme nini ili uone ukubwa wake. Nukta zangu zinaingia upande huu, herufi zako zinatoka upande ule. Karatasi zile ambazo mama alitaka kufungia maandazi, leo wewe unaweza kuzisoma. Na hakuna aliye katikati. Kioo kina giza, sikio lina waya, vidole havina sauti. Wifi amekaa hapa hapa anabangua karanga na hajui kama naandika habari za nyuzi ama habari zako. Katika maisha yangu yote, kabla ya simu hii, sijawahi kuandika kitu ambacho ni mtu mmoja tu atakayekijua. Ninyi mnaoona mnafanya hivyo kila siku, hata hamshangai.

Sasa jambo lenyewe.

Nilisema hakuna shida kwa sababu wifi alikuwa ameshika kalamu. Ningesemaje mbele ya dada yako kwamba nikikunja shuka peke yangu naona uchungu? Angeandika, ungekimbia kurudi, na mtaa mzima ungesema fundi ameacha daraja kwa sababu ana mke kipofu nyumbani. Hilo sikulitaka. Afadhali ukae mbali kwa heshima kuliko urudi kwa huruma. Nikameza, na mficha uchi hazai. Wewe ukasoma "endelea", ukadhani ninaweza kuishi bila wewe. Basi, ninaweza. Masweta yanafumwa, paa limezibwa, barua sasa naandika mwenyewe, na wifi akienda chuo nitamsindikiza kwa vigelegele. Sina ninalokuhitajia.

Ndiyo maana leo naweza kukuomba. Kama ningekuwa nakuhitaji kama fimbo nisingekuomba. Nakutaka wewe. Nataka ukohoe chumba cha pili niudhike. Nataka ile harufu ya chuma. Mageti ya kuchomelea yapo huku pia, na daraja litamalizwa na wengine, litapitisha magari vilevile.

Neno lenyewe nimelipiga polepole kuliko yote, ujue linavyoandikwa. Vidole vyote vitatu vya kushoto pamoja na cha kati cha kulia. Kisha cha shahada na cha pete vya kushoto, na cha pete cha kulia. Kisha cha shahada cha kushoto, na cha shahada na cha kati vya kulia. Kisha cha kati cha kushoto na cha shahada cha kulia.

Rudi.

Ukiamua kusaini, saini, sitakuwa adui yako. Lakini hutasema tena kwamba sikusema.

Mkeo

*

25 Februari

Mke wangu,

Barua imeshuka jioni, baraza limejaa watu wanaosubiri zao. Nimesoma mistari miwili ya kwanza nikaigeuza simu ikaelekea ukutani, nikasoma nimewapa watu mgongo kama mtoto anayekula kwa kuficha. Karani akauliza kulikoni. Nikamwambia hayakuhusu. Raha ya kusema maneno hayo sikuwa naijua.

Nilipofika kwenye vidole nimeweka simu chini nikavijaribu juu ya goti langu. Vitatu vya kushoto na cha kati cha kulia. Nimekwenda mpaka mwisho. Mikono yangu hii imechomelea chuma juu ya mto mkubwa, na haijawahi kushika kitu kizito kama lile neno. Nikarudia tena, nikarudia tena. Mwanamume mzima, nimekaa barazani napiga goti na machozi yananitoka, na watu wakadhani nimefiwa.

Nikaenda kwa msimamizi. Mkataba ulikuwa mezani kwake, kalamu juu yake. Nikamwambia sisaini.

"Kuna nini?"

"Mke wangu amesema nirudi."

"Mwanzo wa mwezi uliniambia mkeo hana neno."

"Mwanzo wa mwezi alikuwa hajaanza kusema, bosi."

Akanitazama muda mrefu. Nadhani aliona macho yangu, kwa sababu hakubisha. Aliuliza tu, "Ameandika mwenyewe? Si nilisikia haoni?" Nikamweleza, vidole sita, kioo kimegeuzwa, giza tupu. Akaitoa simu yake mfukoni akaigeuza mikononi, akaitazama mgongo na uso, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichowahi kukifungua. Akasema, "Lori lina nafasi tarehe mbili. Mwambie msaidizi wako achukue mashine yako ya kuchomelea." Basi.

Nilikuwa nimekuwekea maneno mengi kwa siku nitakayojua hakuna wa kukohoa. Siku yenyewe ni leo, na nimekaa hapa nayatafuta. Nakupenda. Nimekuota kila wiki, na sikukuambia hata mara moja. Nimetafuta neno zito kuliko hayo sijalipata, pengine na mimi ni mwanafunzi.

Siji kwa huruma. Nakuja kwa sababu sijawahi kuitwa hivi.

Mumeo

*

26 Februari

Mume wangu,

Nimeisoma. Nikairudisha mwanzo nikaisoma tena, kwa sauti ya polepole kabisa, na waya nimeushika kwa mkono usichomoke.

Wifi ameuliza, "Kaka amesemaje?" Nikamwambia, "Anakusalimu." Akacheka, akaniacha peke yangu na barua yangu, akaenda kufunga sanduku lake la chuo.

Hii usiijibu. Njoo.

Mkeo